Macho Yetu Yalichunguzwa, Majibu Tupewe

Kule Rombo kuna kitongoji kinaitwa Kahe Mpya. Si Kahe ya huku tambarare, ile ya njia panda ya reli. Hii ni nyingine kabisa. Mwaka 2000 watafiti walifika pale wakapima macho ya watu, kisha wakagawa dawa kwa kitongoji kizima: azithromaisini dozi moja ya kumeza, na kwa wale wasioruhusiwa kuimeza, mafuta ya tetrasaiklini ya kupaka machoni. Kati ya wakazi 978, waliopata dawa walikuwa 956. Adui alikuwa trakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita vikope. Kabla ya dawa, vimelea vyake vilikutwa kwa asilimia 9.5 ya watu. Miezi miwili baadaye, asilimia 2.1. Walipopimwa baada ya miaka miwili, huku waliokuwa bado na dalili wakiendelea kupewa mafuta ya macho, ilikuwa imebaki asilimia 0.1.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004 katika The New England Journal of Medicine, jarida ambalo madaktari wa dunia nzima hulisoma. Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa Moshi na kila mwaka nina wanafunzi wanaotoka Rombo. Nikitaja Kahe Mpya, wapo wanaoijua njia ya kufika na wapo wenye ndugu huko. Habari ya utafiti hawajawahi kuisikia. Nimezungumza na wazazi wao siku za vikao vya shule, na wachache wanakumbuka kwamba zamani watu walipewa dawa ya macho. Ilionyesha nini? Hawakuambiwa, au waliambiwa kwa namna isiyobaki kichwani.

Hilo linaniuma. Mkoa wetu umechangia sana elimu ya macho. Hospitali yetu ya rufaa, KCMC, ilifunguliwa mwaka 1971, na kwa miaka mingi imekuwa ikifundisha madaktari bingwa wa macho wanaotoka nchi mbalimbali za Afrika. Hapa hapa Moshi, mwaka 2001, kilianzishwa kituo cha KCCO kilichojikita kwenye tiba ya macho ya jamii. Watu wa Rombo, wa Siha, wa Moshi Vijijini wamekaa kwenye viti, wamefunuliwa kope, wamewekewa matone, wamejibu maswali marefu. Majibu yaliyopatikana yanaweza kuokoa macho ya watoto wao. Yapo kwenye intaneti, mengi ni ya bure, na yote yameandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Nimekuwa nikiyasoma jioni baada ya kusahihisha madaftari, na leo nataka kuyasema kwa lugha ambayo tunaagizana nayo chumvi dukani.

Nianze na kioo cha jicho, maana ndiko maumivu ya nyumbani kwetu yalikotokea.

Kioo cha jicho, ambacho wataalamu wanakiita konea, ni ile sehemu angavu ya mbele kabisa, iliyofunika mboni na ile rangi inayoizunguka. Katikati unene wake ni kama nusu milimita tu. Hakina mishipa ya damu, na ndiyo maana mwanga unapita bila kizuizi. Oksijeni yake kwa sehemu kubwa inatoka hewani, inayeyuka kwenye machozi, inaingia. Neva za maumivu kinazo kwa wingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, kwa hiyo hata chembe ya vumbi inakuliza. Hali hiyo ya kukosa damu ina gharama yake. Askari wa mwili wanaopambana na wadudu wanasafiri kwa damu, na hapa barabara hiyo haipo. Kidonda kikishashika mizizi kinapona polepole, na kikipona kinaacha kovu jeupe. Ni kama gari ambalo injini yake ni nzima na tairi ni nzima, ila kioo cha mbele kimepakwa chokaa.

Baba yangu mdogo alikuwa anapura maharage shambani kule chini, mwezi wa saba, jua limekolea na upepo unazunguka. Maharage yalikuwa yameanikwa kwenye turubai, wanayapiga kwa fimbo. Ganda moja likaruka likamwingia jichoni. Mama mdogo alilitoa kwa ncha ya kanga. Jicho likawasha, likawa jekundu, yeye akaendelea na kazi, kwa sababu maharage yakishaanikwa hayamsubiri mtu. Asubuhi lilikuwa limevimba. Jirani akaleta majani ya kukamulia. Baba mdogo aliyakataa, hilo nalisema kwa heshima yake, akapanda bodaboda mpaka duka la dawa. Akapewa kichupa cha matone.

Nilikiona kile kichupa baadaye. Ndani yake mlikuwa na dawa ya bakteria iliyochanganywa na deksamethasoni. Deksamethasoni ni ya jamii ya steroidi: inazima wekundu, inapunguza uvimbe, inampa mtu nafuu ya haraka. Inafanya hivyo kwa kuwalaza wale wale askari wa mwili niliowataja. Kama kilichoingia na lile ganda ni fangasi, umewafungulia mlango na kuwazimia taa. Kwa siku kadhaa baba mdogo alijisifu kwamba jicho linapoa. Kisha maumivu yakarudi usiku, na kwenye kioo kikatokea kidoa cheupe ukubwa wa mbegu ya ulezi.

Zahanati wakampa mafuta ya jicho na kumwambia arudi baada ya wiki. Alirudi. Wakamwandikia rufaa. Nauli ikatafutwa. Nilipomfikisha hospitali kubwa, kile kidoa kilikuwa kimeshatambaa mpaka usawa wa mboni.

Muuguzi alimwambia, "Mzee, weka kidevu hapa, paji la uso ligusane na huu mkanda." Akagusisha ndani ya kope kikaratasi chembamba chenye rangi ya machungwa. Machozi yakageuka njano. Wakawasha mwanga wa bluu, na pale palipokuwa na kidonda pakang'aa kijani kibichi, kingo zake zikiwa na manyoyamanyoya. Ile rangi haishiki kwenye ngozi nzima ya kioo. Inashika pale tu ilipochubuka. Daktari akamtia matone ya ganzi, akachukua sindano, akakwangua kingo za kidonda taratibu, akapaka alichokipata kwenye kipande cha kioo cha maabara. Baadaye, alipojua kwamba nafundisha baiolojia, aliniita kwenye hadubini. Nikaona nyuzi ndefu zenye matawi, zimekatizana. Fangasi. Nimechora nyuzi hizo ubaoni miaka yote, nikiwaambia wanafunzi habari za ukungu kwenye mkate.

Jicho halikung'olewa, tunashukuru. Lakini kovu lilibaki, na kwa jicho hilo sasa anaona mkono ukipungwa mbele yake, basi.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kutafuta nani amewahi kulichunguza jambo hili huku kwetu, na jibu lilikuwa karibu sana. Mwaka 2011 Matthew Burton na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika KCMC juu ya wagonjwa 170 waliolazwa kwa maambukizi ya kioo cha jicho. Swali lao lilikuwa la moja kwa moja: kwa nini matokeo ya wagonjwa hawa ni mabaya namna hii? Theluthi mbili ya macho yale, asilimia 66, yalitoka hospitali yakiwa na uoni chini ya 6/60. Maana yake ni kwamba kitu ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 60, mgonjwa hakioni hata akisogezwa hadi mita 6.

Takwimu iliyonifanya niweke simu chini ni ya siku. Ukiwapanga wagonjwa wote kwa mstari kuanzia aliyewahi hadi aliyechelewa, yule wa katikati alifika KCMC siku 14 baada ya kuanza kuumwa. Kwa wale ambao walipitia kwanza kituo kingine cha tiba, yule wa katikati alifika baada ya siku 21.

Soma tena hapo. Aliyeenda kituo kingine cha afya kwanza alichelewa zaidi.

Tunapozungumzia upofu wa vidonda vya macho, lawama huwa zinaenda kwa bibi mwenye majani. Siwatetei wenye majani. Mwaka 1994 Yorston na Foster walichapisha taarifa ya vidonda vya kioo cha jicho hapa Tanzania, na katika wagonjwa 103, vidonda vya 26 vilihusishwa na dawa za kienyeji. Hiyo ni robo, na robo si jambo dogo. Hata huo utafiti wa KCMC ulikuta kwamba macho yaliyotoboka yalihusiana na kuchelewa na pia na kupitia kwa mganga. Lakini zile siku 21 zinatuambia kwamba mtu anaweza kufanya kila tunachomhimiza afanye, akaacha majani, akaenda penye msalaba mwekundu ukutani, na bado akapoteza jicho kwa sababu aliyempokea hakuwa na ile karatasi ya rangi, wala taa ya bluu, wala ujasiri wa kusema: hili si langu, nenda leo hii. Baba mdogo alifanya hivyo hivyo. Simlaumu yule kijana wa dukani, wala wale wa zahanati, ambao nadhani wanahudumia kata nzima wakiwa na mafuta ya aina moja. Ninachosema ni kwamba tumewahimiza watu waende haraka bila kuhakikisha kwamba wanakokwenda pana mtu anayejua cha kufanya.

Je, muda peke yake una uzito kiasi gani? Nepal walilijibu swali hili vizuri kuliko wengine. Katika eneo la Bhaktapur, watu wa kujitolea vijijini walifundishwa kutambua mchubuko wa kioo cha jicho na kugawa mafuta ya kloramfenikoli, mara tatu kwa siku, kwa siku tatu. Matokeo yalitoka mwaka 2001. Waliotibiwa michubuko walikuwa 442. Walioanza dawa ndani ya saa 18 walikuwa 284, na hakuna hata mmoja wao aliyepata kidonda. Walioanza kati ya saa 18 na 24 walikuwa 109, wakapata vidonda wanne. Waliokuja kati ya saa 24 na 48 walikuwa 49, na 14 kati yao jicho lilishaambukizwa.

Nilipowaonyesha wanafunzi wa kidato cha nne hesabu hiyo, msichana mmoja aliuliza swali ambalo lilinifurahisha sana: "Mwalimu, kundi la kulinganisha liko wapi?" Ni kweli. Bhaktapur hawakuwa na vijiji vilivyoachwa bila huduma ili walinganishe. Baadaye watafiti wakalirudia jambo hili kwa masharti makali, Nepal hiyo hiyo, wakipanga maeneo kwa kura: haya yapate wahudumu wa macho wa kijiji, yale yasipate. Vidonda havikupungua katika maeneo yaliyopata wahudumu kuliko katika yale mengine.

Wengine wangeificha habari hiyo kwa sababu inaharibu hadithi. Mimi naona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Haisemi kwamba kuwahi hakusaidii. Inasema kwamba kumweka mtu kijijini na tyubu ya mafuta, halafu ukarudi mjini ukidhani kazi imekwisha, hakutoshi. Watu lazima wamfikie, wamwamini, wamwone kabla ya kuonana na mwenye kichupa cha deksamethasoni. Kama wilaya yoyote ya mkoa wetu inataka kuwapa wahudumu wa afya ngazi ya jamii mafunzo ya macho, na mimi naomba sana ifanye hivyo, wapangaji wasome zote mbili, ile ya 2001 na ile iliyofuata. Wasichukue inayopendeza pekee.

Nirudi kwenye fangasi. Kwenye mikoa ya kilimo na joto, sehemu kubwa ya vidonda vya kioo cha jicho inatokana na fangasi kama Fusarium na Aspergillus, ambao makazi yao ni udongo, majani na mabua. Suke la mahindi, jani la muwa, kijiti cha kahawa wakati wa kupogolea: ndiyo njia yao. Dawa ya bakteria haiwagusi. Huko India, kwenye hospitali za Aravind, walilinganisha matone mawili ya fangasi kwa wagonjwa 323, natamaisini na vorikonazoli. Vorikonazoli ilikuwa dawa mpya zaidi na wengi waliitegemea. Ikashindwa na ile ya zamani, hasa kwa Fusarium. Matokeo yalitoka mwaka 2013, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaiingiza natamaisini kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kisha likaja swali la watu wa kipato chetu: je, kloraheksidini, kitu rahisi cha kusafishia vidonda, ikitengenezwa kama matone ingeweza kutosha mahali ambapo natamaisini haipatikani? Walijaribu Nepal kwa wagonjwa 354. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha natamaisini bado iko mbele, wala kloraheksidini haikuweza kuonyesha kwamba inalingana nayo.

Kwa hiyo dawa inajulikana. Imeshalinganishwa, imeshashinda, iko kwenye orodha. Kinachobaki ni iwepo kwenye friji au kabati la hospitali ya wilaya siku mgonjwa anapoingia, na hilo ni swali la bajeti na la manunuzi, ambalo mwananchi ana haki ya kuliuliza kwenye mkutano wa hadhara kama anavyouliza habari za maji na barabara.

Watu huniambia, "Si atapandikizwa kioo kingine?" Upandikizaji upo, na ni wa siku nyingi: Eduard Zirm aliufanikisha mwaka 1905 kwa mtu aliyeunguzwa macho na chokaa. Lakini vioo vinatoka kwa watu waliofariki ambao walikubali kutoa. Uchunguzi wa dunia uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kwa kila kioo kimoja kinachopatikana, wanaokihitaji ni 70. Ukiwa Kirua Vunjo unasubiri zamu kwenye foleni hiyo, heri ukazane kulinda ulichozaliwa nacho.

Trakoma nayo inaishia hapo hapo kwenye kioo. Mtoto anaambukizwa mara kwa mara, ndani ya kope panafanya makovu, miaka inapita, kope zinajikunja kwa ndani na kila akipepesa zinakwaruza kioo. Kule Siha, watafiti wa KCMC na wa London waliwafuatilia watoto wa vijiji vya Wamaasai kwa miaka minne, wakiwachunguza kila baada ya miezi mitatu, ili kuona makovu yanavyoanza na kwa nini kwa wengine yanaendelea. Walikuta kwamba watoto waliokuwa na uvimbe mkali wa ndani ya kope mara nyingi zaidi ndio ambao makovu yao yalisonga mbele. Miaka minne! Fikiria uvumilivu wa akina mama wale, kumtoa mtoto malishoni au shuleni kila miezi mitatu ageuzwe kope, kwa ajili ya jibu ambalo huenda likamfaa mtoto wa mtu mwingine.

Na upo utafiti mmoja wa Moshi ambao ningependa ubandikwe kwenye mbao za matangazo za makanisa na misikiti yote. Huu hauhusu kioo. Unahusu presha ya macho, ambayo wataalamu wanaiita glakoma. Si ile presha ya kupimwa mkononi, na mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine. Maji ya ndani ya jicho yanashindwa kutoka vizuri, msukumo unapanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo kuanzia pembeni. Hauumi. Mtu anagundua amebaki na tundu la kuchungulia. Kilichokufa hakirudi.

Kwa kawaida mgonjwa huandikiwa matone ya timololi, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Sasa mwambie mkulima wa Old Moshi anunue kichupa kila mwezi kwa ugonjwa usiomuuma. Heiko Philippin na wenzake wa KCMC, akiwemo Einoti Matayan, waligawa wagonjwa 201 kwa kura: kundi moja matone, kundi jingine leza inayopigwa kwenye njia ya kutolea maji ya jicho, na kurudiwa ikihitajika. Baada ya mwaka mmoja, macho yaliyofikia msukumo uliokusudiwa yalikuwa 99 kati ya 163 upande wa leza, sawa na asilimia 61. Upande wa matone yalikuwa 55 kati ya 176, asilimia 31. Taarifa ilitoka mwaka 2021 katika The Lancet Global Health. Karibu mara mbili! Leza hairudishi uoni uliokwisha kupotea, hilo lisemwe wazi, wala haimfai kila mgonjwa. Lakini mtu mwenye presha ya macho, akiwa mbele ya daktari wake, anapaswa kujua kwamba swali "Je, leza inanifaa?" ni swali halali, na kwamba jibu lake lilitafutwa kwa macho ya majirani zake.

Najua minong'ono iliyopo. "Wanatufanyia majaribio kama panya." "Damu zetu zinauzwa." Nimeisikia kwenye daladala na kwenye misiba. Sioni busara ya kuicheka. Mtu akichunguzwa, akaondoka, asisikie neno tena, anajaza nafasi iliyoachwa wazi kwa hofu yake. Tamko la Helsinki, ambalo chama cha madaktari wa dunia kilipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa, linasema wanaoshiriki utafiti wapewe fursa ya kuelezwa matokeo yake kwa ujumla. Kwa hiyo tukidai majibu, tunadai kilichoahidiwa.

Ukiletewa fomu ya ridhaa, isomwe yote, na kama husomi, msomewe mbele ya mtu unayemwamini. Uliza nani ameidhinisha utafiti huo, kwa maana hapa nchini utafiti wa tiba lazima upite kwenye kamati ya maadili, na ukihusu majaribio ya dawa, TMDA, mamlaka ya dawa ya nchi, pia lazima itoe kibali. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Kisha uliza swali ambalo halizoeleki: mtarudi lini kutuambia mlichokipata, na kwa lugha gani? Kwa watafiti wenyewe, ambao nawaheshimu kwa dhati, ombi langu ni ukurasa mmoja wa Kiswahili usomwe kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji atawapa nafasi. Ana hamu ya kusikia kuliko mnavyodhani.

Huku tambarare maharage yameanza kukauka na wiki chache zijazo watu watakuwa kwenye turubai na fimbo zao. Ujumbe huu nimeuweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, na aliye tayari anaweza kuunakili:

"Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Kitu kikikuingia jichoni, osha kwa maji safi mengi. Usifikiche, usikamulie majani, usitie maziwa wala mate. Jicho likiendelea kuuma, likiogopa mwanga au ukiona doa jeupe, nenda penye mtaalamu wa macho siku hiyo hiyo, usingoje wiki. Dukani usikubali matone yenye deksamethasoni au steroidi nyingine bila jicho kupimwa kwanza na mtaalamu. Ukipewa dawa na kesho yake hali si nzuri, omba rufaa, usione haya. Mwambie daktari kwamba uliumizwa na jani, ganda au bua, kwa sababu itamsaidia kufikiria fangasi."

Baba mdogo aliusoma kwa jicho lake zima, akanipigia. "Mwanangu, umesahau miwani." Anavaa ile ya plastiki ya mafundi wa kuchomelea, isiyo na rangi, aliyoinunua soko la Memorial, na amewanunulia vijana wote wanaompurishia. Nimeiongeza kwenye ujumbe.